Bi Mdogo wa Sebuleni

9 Februari

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba magoti yamepunguza ubishi. Sisi huku hatujambo. Binti yako ameanza kazi, na mpaka sasa amegombana na mtu mmoja tu, kwa hiyo mambo ni mazuri. Anakusalimu sana.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Mama, unazijua simu zetu. Mimi nasema shikamoo, wewe unasema marahaba, nauliza hujambo, unasema sijambo, halafu wote wawili tunaanza kutafuta pa kukimbilia mpaka binti yako aichukue simu. Haya ninayotaka kukueleza hayawezi kupita hapo.

Ni habari za Bi Mdogo. Kwanza, asante kwa kumpokea. Siku ile tulipomsukuma kumwingiza sebuleni ulisema “Karibuni” bila kufungua meno, na mimi nikajifanya sikuona. Sikuwa na pengine pa kumpeleka. Tunakaa ghorofa ya nne na lifti ya jengo imekufa. Mimi, fundi lifti, napanda ngazi kila jioni na mkoba wa spana begani, na majirani wananitazama kama mimi ndiye niliyeiua.

Jina la Bi Mdogo alipewa na binti yako. Alisema mwanamume anayelala sakafuni kila Jumapili ubavuni mwa pikipiki ameshaoa mke wa pili, asimdanganye mtu. Ila huyu bi mdogo kanizidi umri. Alitoka Italia mimi sijazaliwa bado, na ndiyo maana ana mambo yake.

Anavuja oili. Ndivyo alivyo, usihangaike, mwekee sinia chini. Ukiona ameacha kuvuja ndipo ushtuke, maana yake imekwisha. Mara moja kwa wiki, kama utaweza, mwashe. Fungua koki ya mafuta chini ya tangi, bonyeza kile kitufe kidogo juu ya kabureta mpaka petroli ilowanishe kidole, kisha piga kiki. Kiki iko kushoto. Kwake vingi viko kinyume: Waitaliano wa enzi hizo waliweka gia mguu wa kulia na breki mguu wa kushoto, wakati pikipiki zote za leo ni kinyume chake. Kwa hiyo mtu akiomba kumjaribu, mkatalie kabisa. Akitaka kusimama atabadilisha gia, na akitaka gia atasimama ghafla.

Kama kiki ni nzito, basi msukume tu mbele na nyuma asije akachakaa tairi upande mmoja. Na dirisha liwe wazi, moshi utoke.

Najua ni mzigo. Nisamehe, Mama.

Mkweo


1 Machi

Mkwe wangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mko salama, na huyo mtu mmoja aliyegombana na mwanangu nampa pole, hajui bado alichokianzisha. Mimi sijambo. Magoti yamenyamaza, sasa kinachopiga kelele ni ugoko. Bi Mdogo wako kanirushia teke.

Nilifanya kama ulivyoandika. Koki nikafungua, kitufe nikabonyeza, kiki nikapiga kwa adabu, na ile kiki ikarudi ikanichapa nikaona nyota mchana. Nikakaa kwenye kochi nikamtazama, naye akanitazama na lile jicho lake moja. Nikamwambia, bibi wewe, nimelea watoto, nimemlea marehemu mume wangu mpaka dakika ya mwisho, sasa nalea mke mwenza wa binti yangu na bado unanipiga? Kesho yake nikavaa viatu vya kazi vya marehemu, nikapiga kiki kwa hasira. Akawaka.

Sasa nikuambie kilichotokea. Vikombe kabatini vilianza kutetemeka. Kioo cha picha ya marehemu kikatetemeka. Yule dobi jirani yangu akachungulia dirishani na pasi mkononi akadhani nyumba inaanguka. Na mimi nimesimama katikati ya sebule, mwanamke mzima, nacheka peke yangu. Sijacheka hivyo tangu msiba. Nyumba hii ilikuwa imenyamaza, baba, nilikuwa nasikia friji ikifikiri.

Wewe unasema mimi na wewe hatuwezi simu. Mimi simtaki mtu yeyote kwenye simu. Nimekaa kwenye ubao wa simu ujana wangu wote, nachomeka waya huu nachomoa ule, nawaunganisha watu waseme uongo wao. Kabla mtu hajasema hallo nilikuwa najua laini nzuri na laini mbovu kwa mlio tu. Na marehemu alikuwa juu ya nguzo huko, akishaunga waya ananipigia kujaribu: “Opereta, unanisikia?” Namjibu, “Nakusikia, shuka.” Watu wengine waliandikiana mashairi, sisi tulikuwa na hayo, na yalitutosha.

Basi kwa sikio hilo nakuuliza: huyu Bi Mdogo ana kamlio kadogo, tak tak tak, juu upande wa kulia. Akiwa baridi kapo, akishapata joto kanapungua lakini hakaishi. Ni kawaida yake au ni ugonjwa?

Sinia nimemwekea lile la kuokea keki. Si mnajua kuoka wenyewe huko.

Mama mkwe wako


16 Machi

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa ugoko, pole sana. Nilipomsomea binti yako sehemu ya teke alikaa chini kwa kicheko, halafu akasema, “Mwambie Mama aachane na hilo lidude, atavunjika.” Nimefikisha ujumbe kama mjumbe mwaminifu. Sasa turudi kwenye mambo ya maana.

Mama, barua yako nimeisoma kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, nikasahau kuendelea kupanda. Ule mlio ni valvu. Mafundi wangapi nimewapelekea pikipiki ile wakaniambia haina kitu! Nilidhani nausikia peke yangu.

Kwenye kopo jekundu la vifaa kuna vibati vyembamba vimefungwa pamoja kama kisu cha kukunja. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kile kifuniko kidogo cha juu kulia, pitisha kibati chembamba kuliko vyote kwenye upenyo ulio juu ya valvu. Kinatakiwa kipite kwa kubanwabanwa, kama karatasi unayoivuta chini ya kikombe. Kikipita kirahisi, upenyo umezidi. Kuna nati ya kulegeza na nati ya kurekebisha, nimekuchorea nyuma ya karatasi hii. Usitumie nguvu. Yeye anataka kubembelezwa.

Hapa kampuni imenipa pikipiki mpya ya kuzungukia majengo. Inawaka kwa kubonyeza kitufe. Haivuji, hailii, haina kosa hata moja, na mpaka leo sina neno la kusema juu yake.

Mkweo


22 Aprili

Mkwe wangu,

Marahaba, na poleni na kazi. Hapa hatujambo, mimi na mwenzangu wa sebuleni.

Valvu nimerekebisha. Nilivaa miwani miwili, ya karibu juu ya ile ya mbali, nikapitisha kibati mpaka kikabanwabanwa kama ulivyosema. Nikamwasha. Tak tak imekwenda. Mlio wake sasa ni mzito na mtulivu, ningekuwa kwenye ubao ningesema laini hii ni safi, zungumzeni.

Baadaye akaanza kukohoa na kuzimika. Nikakuandikia, lakini nikaona barua itafika lini na jibu litarudi lini, nikaichana. Nikafungua kabureta mwenyewe kwa kufuata akili. Nikakuta kile kijiti cha shaba chenye kitundu katikati kimeziba uchafu. Nikakisafisha kwa sindano ya kushonea, kikawa safi unaona mpaka upande wa pili. Nikarudisha kila kitu, hakuna nati iliyobaki mezani, nikajisifu sana.

Sasa anawaka vizuri lakini anatoa moshi mweusi, mweusi wa masizi. Jumatatu niliufungua mlango wa uani ili upepo uuchukue, ukauchukua moja kwa moja mpaka kwenye kamba za dobi. Amekuja kanionyesha shuka nane za nyumba ya wageni zina madoadoa kama chui. Nilimsaidia kuzifua zote upya na bado ananisalimia kwa kuangalia pembeni.

Nina swali lingine, la kujua tu. Mtu akitaka kwenda, tuseme mpaka zahanati na kurudi, Bi Mdogo anakula petroli kiasi gani? Na upepo wa tairi ya nyuma, mtu akiwa peke yake, si mzito sana, uwe wa kukandamiza kwa kidole gumba au uwe mgumu kabisa?

Mama mkwe wako


5 Mei

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo. Sindano! Mama, nilipofika kwenye neno hilo nilishika kichwa mbele ya abiria wa basi. Kile kitundu kimepimwa huko kiwandani, upana wake ndiyo akili yote ya kabureta. Sindano ikiingia kinapanuka, mafuta yanapita mengi, ndiyo moshi mweusi huo. Siku nyingine kipulize kwa mdomo, kikikataa kiloweke kwenye petroli, basi. Ndani ya bahasha hii, kwenye pamba, kuna kijiti kipya. Nilikuwa nimekihifadhi kwenye droo ya soksi, binti yako hajui. Shuka za dobi niombee radhi.

Petroli lita moja inamtosha kwenda zahanati na kurudi, na bado atabaki nayo. Tairi ya nyuma iwe ngumu, kidole gumba kiingie kidogo tu.

Nami nina swali, na naliuliza kwa adabu zote za mkwe. Huyo mtu mmoja, si mzito sana, ni nani, Mama?

Mkweo


30 Juni

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo. Sijapata jibu la barua ya mwezi wa tano, na sijui kama kijiti kilifika. Si kwa ajili ya kijiti ninaandika.

Binti yako ana wasiwasi. Anasema Jumamosi asubuhi, siku yake ya kukupigia, simu inaita mpaka inakatika. Ukipokea mchana unahema na unasema ulikuwa uani. Anasema umeanza kujifungia tena kama miezi ile ya baada ya msiba, ulipokuwa unalala mpaka jua kali na chakula kinapoa mezani. Usiku mwingine anaamka anakaa kitandani. “Mama yangu ataanguka mle ndani na hakuna atakayejua.”

Tumepata nyumba ya chini, ina chumba cha ziada na kibanda cha kuwekea gari. Ameshapanga. Mwezi wa kumi na moja nikipata likizo niazime pikapu ya kazini, nije nikuchukue wewe na Bi Mdogo pamoja, nyumba yako ifungwe. Maneno yake ni haya: “Mama yangu na mke mwenzangu watakuja kwa gari moja.” Alicheka alipoyasema, lakini macho yalikuwa mekundu.

Ningepaswa kufurahi, Bi Mdogo anarudi kwangu. Lakini nakumbuka mtu aliyeuliza habari za tairi ya nyuma. Naomba unijibu, unaumwa au huumwi? Nikijua nitajua la kufanya.

Mkweo


14 Julai

Mkwe wangu,

Marahaba. Kijiti kilifika, nimekifunga, moshi umekwisha. Nisamehe kwa kunyamaza. Kila nikishika kalamu nilikuwa najiuliza nitaanzia wapi.

Siumwi. Jumamosi asubuhi sipokei simu kwa sababu sipo.

Nilianza kwa kumzungusha uani, gia ya kwanza tu, mpaka nikauzoea mguu wa kulia. Ulisema vitu vyake viko kinyume, lakini mimi sijawahi kuendesha pikipiki nyingine, kwa hiyo kwangu havina kinyume. Baiskeli niliijua tangu kazini, kabla hawajanikalisha kwenye ubao, nilikuwa napeleka simu za maandishi majumbani. Kisha nikatoka getini. Kisha mpaka zahanati. Nilipofika daktari akanipima presha akasema imeshuka vizuri, unafanya nini siku hizi? Nikasema nafanya mazoezi.

Sasa kila Jumamosi, jua likitoka, namtoa. Dobi ananishikia mlango, ameshanisamehe. Tunakwenda mpaka barabara ya lami inapopanda kilima, pale kwenye nguzo za zamani za simu, ambazo nyaya zake zilishatolewa. Naweka gia ya tatu, naachia kidogo, na ule mlio unajibana kwenye kilima unarudi masikioni mwangu. Juu kabisa nazima injini nakaa. Nguzo ile ya mwisho marehemu aliipanda mara nyingi. Naongea naye kidogo, nashuka, nanunua mkate, narudi. Kichwani navaa ile kofia yake ya manjano ya kazini, nimeikaza kwa utepe wa sketi ya zamani.

Nimekwambia yote. Sasa sikiliza. Usimwambie mwanangu. Ninamjua, nilimzaa. Atapiga kelele, atalia, na Bi Mdogo atafungwa mnyororo. Na hicho chumba cha ziada, mshukuruni Mungu, mkiwekee wageni. Mimi si kabati la kupakiwa kwenye pikapu. Kwa mwanangu nitapendwa, najua. Nitawekewa mto mgongoni, nitaambiwa kaa, Mama, usishike hicho, na baada ya mwaka nitakuwa mgonjwa kweli, nitaumwa ugonjwa wa kukaa. Hapa kuna kitu kila asubuhi kinanisubiri nikifute vumbi, na Jumamosi kinanipeleka ninakotaka.

Lakini ni mali yako. Ukija kumchukua sitakuzuia.

Mama mkwe wako


3 Agosti

Mama,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi na nimeificha ndani ya kiatu, kwa hiyo nadhani sasa mimi na wewe tumekula njama. Sijawahi kumficha binti yako kitu kikubwa kuliko droo ya soksi.

Kwanza kofia. Ile ya manjano ilitengenezwa kwa ajili ya mtu aliyesimama na kitu kikimwangukia. Haikutengenezwa kwa mtu anayeanguka yeye. Nakuomba utafute ya pikipiki. Pili, kila baada ya Jumamosi chache kaza waya wa breki ya mbele, na cheni uipake oili, si maji ya sabuni kama ninavyohofia. Tatu, kwenye mteremko wa kile kilima usizime injini ukashuka kwa kuteleza, hata kama ni raha. Ninajua ni raha.

Sasa lililobaki. Binti yako hajaniuliza, na asiponiuliza sitasema. Akiniuliza siwezi kumdanganya, Mama, kwa sababu hata nikisema uongo masikio yangu yanakuwa mekundu. Ameshapaka rangi kile chumba. Amechagua kijani kwa sababu unapenda kijani. Namwona anavyokikagua jioni, na ninakukumbuka na wewe juu ya kilima, nashindwa kula.

Mwezi wa kumi na moja nitakuja na pikapu kama nilivyoagizwa. Nitarudi na nini, sijui.

Na mimi namkumbuka Bi Mdogo. Hilo nalo niliseme, nisijifanye mwema kupita kiasi.

Mkweo


21 Novemba

Mkwe wangu,

Habari ya mguu? Wamekwambia utavaa hilo plasta mpaka lini? Unauegesha kwenye mto kama nilivyokuonyesha, au umeshaanza kurukaruka na magongo kwenye ngazi za watu? Mimi sijambo. Dobi anakupa pole na anauliza kama zile shuka zilikusitiri vizuri.

Naandika kwa sababu mwanangu hajanipigia tangu ulipoondoka, na Jumamosi mbili zote nimekaa nyumbani kusubiri simu. Kwa hiyo sijui huko kumesemwa nini, na sijui wewe unakumbuka nini, maana ulikuwa na maumivu. Nikukumbushe nilichoona mimi.

Ulifika umenuna. Hukunywa chai ikaisha. Ulikwenda sebuleni ukamshika Bi Mdogo tangi, ukapitisha kidole kwenye cheni, ukaangalia kidole, ukasema, “Safi.” Hukuniangalia. Tukatandika mbao mpaka kwenye pikapu. Masanduku yangu mawili yalikuwa mlangoni, nilikuwa nimeyafunga, nisije nikakugombanisha na mkeo. Ukasema, “Mama, nimzungushe mara moja tu kabla sijampakia.” Nikasema haya.

Ulimwasha kwa kiki moja, ukatoka getini vizuri, mgongo umenyooka, nikaona kweli mwenye mali karudi. Ukageuza kule mwisho, ukawa unarudi. Pale pa kupunguza mwendo nikasikia gia inapanda. Nikajua. Miezi yote hii umekanyaga breki ya ile pikipiki ya kitufe kwa mguu wa kulia, na mguu ukafanya ulichozoea. Nikapiga kelele, “Kushoto!” Ukakanyaga tena kulia. Sasa mtu aliyeniandikia nisimruhusu mjinga yeyote amjaribu, nikamwona anapita mbele ya geti langu na mdomo wazi, anaingia kwenye kamba za dobi, anatoka upande wa pili amevikwa shuka kama maiti. Nisamehe, nilicheka kabla sijalia.

Halafu nikaona kifundo cha mguu kimegeukia upande usiotakiwa. Mwenye kujua kuendesha pikapu ni wewe, dobi hajui, mimi sijui. Nikamwinua Bi Mdogo. Taa imepasuka, usukani umepinda kidogo, nikapiga kiki akawaka. Nikakuambia panda, twende hospitali. Ukasema, “Mama, siwezi kukaa nyuma yako.” Mfupa nje nje na wewe unafikiria adabu! Dobi akakubeba akakupakia kwa nguvu. Ukang'ang'ania kile chuma cha nyuma cha kufungia mizigo usiniguse, mpaka kona ya pili nilipokukemea. Ndipo ukashika.

Mwenzako wa kazi alipokuja kuchukua pikapu aliiona tupu akaniuliza, “Hakuna mzigo, Mama?” Masanduku yangu bado yapo mlangoni. Niambie, niyafungue au niyaache?

Mama mkwe wako


6 Desemba

Mama,

Shikamoo. Mguu unaendelea. Nakaa siku nzima nimewekewa mto mgongoni na nimeambiwa nisishike hiki wala kile, na baada ya wiki chache tu nimeelewa sentensi yako ile kuliko nilivyowahi kuelewa kitu.

Nakumbuka kona ya pili. Ulisema, “Shika, baba, mkwe hataanguka mara mbili siku moja, watu watasemaje?” Nikakushika kiunoni nikafumba macho kwa aibu. Nilipofumba macho nikasikia. Ulikuwa unabadilisha gia na sikuhisi mshtuko wowote, na mguu wangu ulivyokuwa, kila mshtuko ningeuhisi. Kwenye kilima uligeuza kichwa pembeni kidogo ukawa unamsikiliza, ukaachia petroli kabla hajalalamika. Mimi sijawahi kumwendesha hivyo. Nilikuonea wivu, Mama, nasema kweli. Halafu wivu ukaisha njiani nikabaki nimefurahi, nimevunjika mguu na nimefurahi.

Nesi aliuliza nani kanileta. Nikasema mama mkwe wangu. Akauliza kwa gari gani. Nikamwonyesha dirishani, akaona wewe umesimama na kofia ya manjano unamfuta Bi Mdogo matope kwa leso. Akaandika kitu, sijui aliandika nini.

Binti yako aliniuliza usiku wa kwanza. Masikio yakawa mekundu kabla sijafungua mdomo, nikamwambia yote: valvu, sindano, Jumamosi, kilima, nguzo. Akasema, “Mama yangu, mume wangu na mke mwenzangu, mmenizunguka wote watatu.” Akahamia kile chumba cha kijani. Siku nyingi hakunisemesha ila kwa mambo ya dawa. Ndiyo maana hukupigiwa simu.

Juzi alikuja akasimama mlangoni. Akauliza swali moja. “Anavaa kofia?” Nikasema anavaa. “Kofia gani?” Nikasema, ile ya manjano ya Baba, kaikaza kwa utepe wa sketi. Akalia, Mama, alilia kama siku ya msiba. Nami na hili plasta sikuweza hata kumfuata. Katikati ya kulia akaanza kucheka, akasema, “Na mimi nilidhani amelala kitandani hapokei simu.” Akakaa pembeni ya kitanda akaniambia nimsomee barua ya kilima. Nimemsomea mara mbili.

Kesho yake alikwenda dukani peke yake. Kifurushi kinakuja nyuma ya barua hii. Hakutaka kuandika kitu ndani, anasema bado amenuna, na anataka ujue hivyo.

Ufunguo wa akiba wa Bi Mdogo nao umo. Nilikuwa natembea nao mfukoni muda wote huu. Ukae huko kwake na kwako. Mimi nitakuja kumtembelea kama mgeni, nitakaa nyuma.

Masanduku yafungue.

Mwanao


19 Desemba

Mwanangu,

Marahaba, baba. Mguu usiulazimishe.

Kofia imefika. Ni nzuri, nyeupe, inanibana masikio kidogo lakini nasikia vya kutosha. Mwambie mwenye kununa kwamba mama yake ameivaa ndani ya nyumba jioni nzima, hata nilipokuwa napika, na dobi amesema nafanana na balbu. Ile ya manjano nimeitundika msumarini juu ya sinia, Bi Mdogo aione.

Taa nimepata kioo, usukani kanyoosha fundi wa mageti, nikiwa nimemsimamia. Nimebadilisha oili, nimekaza cheni, nimepima upepo, tairi ya nyuma ngumu, kidole kinaingia kidogo tu. Masanduku nimeyafungua. Nguo chache nimezirudisha kwenye mkoba mdogo, ule unaofungika kwenye kile chuma cha nyuma ulichokipenda sana.

Chumba cha kijani msikivuruge. Tandikeni kitanda, na kule kwenye kibanda wekeni sinia chini. Nitakaa kwenu siku kadhaa, nimwone mwanangu, nikukande mguu, nile nilichopikiwa bila kushika kitu. Halafu nitarudi kwangu.

Mwambie Jumamosi asinipigie simu asubuhi. Sitapokea, nitakuwa njiani.

Mama